Mpira wa Mita Mbili

Dada yangu alipofikisha miezi minane, alinituma dukani kununua mpira. Duka lenyewe liko Bulyaga, hapa hapa mjini Tukuyu. Niliingia nimejikunyata kwa mvua, nikamwamkia mama mwenye duka, nikataja nilichotumwa. Hakuniuliza kama nataka mpira wa miguu au mpira wa kumwagilia bustani. Alinitazama mara moja, akajua.

"Mita ngapi, mwanangu?"

Sikujua. Akacheka, akalivuta robota lililosimama ukutani, jekundu, laini, linalonuka upya. "Chukua mbili. Moja ya mzazi, moja ya mtoto."

Nyumbani bibi aliukunjua, akaupitisha kiganja juu yake kama anayechagua kitambaa cha sherehe. Kisha akauliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike haya: "Kwani siku hizi hospitali haina mipira yake?"

Nilimwambia ndivyo mambo yalivyo, kila mjamzito huambiwa aje na wake. Bibi hakubishana. Alisema tu kwamba alipomzaa mama yetu hospitalini alikwenda na kanga na nguo za mtoto, mpira akaukuta umetandikwa. Watoto waliotangulia aliwazalia nyumbani, kwenye majani.

Majani, mpira wa hospitali, mpira wa dukani. Katika maisha ya mwanamke mmoja, kitu kinachotandikwa chini ya mzazi kilikuwa kimebadilika mara mbili. Na kila kilipobadilika, alibadilika pia mtu anayewajibika kukileta.

Nianze na majani. Huku kwetu salamu yenyewe inahusu malazi. Mnyakyusa akikusalimu "Ugonile", maana yake ya asili ni kuuliza kama umelala. Na kabla ya magodoro kuenea, kulala kulikuwa ni mkeka, ngozi, au majani makavu ya mgomba. Mgomba ulikuwa umeizunguka kila nyumba. Mskoti Joseph Thomson, aliyepita upande huu wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, alivutiwa mno na unadhifu wa vijiji na migomba yake. Kwa hiyo malazi safi hayakuwa mbali: yalikuwa nje ya mlango, hayana bei, na yakichafuka yanatupwa.

Kati ya mwaka 1934 na 1938, Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti Unyakyusa. Katika kitabu cha Monica kuhusu mila za ukoo, kilichochapishwa mwaka 1957, majani makavu ya mgomba yanajitokeza tena na tena. Mwali anayechezwa hukaa juu yake. Wafiwa wa karibu hulala juu yake. Siku zikitimia, majani yale huzolewa na kuondolewa nyumbani, kwa sababu yamebeba kile ambacho watu hawataki kuendelea kuishi nacho. Msomi anaweza kuita hiyo ishara. Bibi yangu angesema ni akili ya kawaida: kilichopokea damu na jasho hakirudishwi ndani.

Sitaki kuyapamba majani. Hayakuchemshwa, hayakuzuia pepopunda, na wanawake wengi walikufa juu yake kwa homa ya uzazi au kwa kutokwa na damu. Ninachotaka kukionyesha ni kimoja. Mzazi hakuyaleta yeye. Wanawake waliokuja kumsaidia ndio waliotandika, na ndio waliozoa. Usafi wa pale alipolala ulikuwa kazi ya watu waliomzunguka.

Sasa mpira. Mwaka 1823, Mskoti mwingine, mkemia Charles Macintosh, alipata hataza ya kitambaa kisichopitisha maji. Aliyeyusha utomvu wa mpira kwa nafta, kimiminika kinachopatikana kwenye lami ya makaa ya mawe, akaupaka kati ya vitambaa viwili na kuvigandamanisha. Kitambaa kile kilikuwa na kasoro: joto likizidi kinanata, baridi ikizidi kinakakamaa. Dawa yake ilipatikana katika miaka ya 1840, pale Charles Goodyear kule Marekani na Thomas Hancock kule Uingereza walipopata, kila mmoja kwa hataza yake, njia ya kuuchoma mpira pamoja na salfa hadi ukatulia. Jina la Macintosh likabaki kwenye makoti ya mvua, likaingia wodini. Hadi leo nesi wa Tanzania husema "makintoshi", ingawa anachokishika ni plastiki isiyo na tone la utomvu.

Neno letu "mpira" lina safari yake pia. Ni jina la mmea unaotoa utomvu, na ni jina la utomvu wenyewe. Katika misitu ya kusini, nyuma ya Kilwa na Lindi, kulikuwa na mitambaazi ya jamii ya mibungo ambayo watu waliichanja, wakauviringa utomvu kuwa madonge na kuwauzia wafanyabiashara wa pwani. Mwishoni mwa karne ya 19 dunia ililitaka donge lile kwa pupa, hasa baada ya John Dunlop kutengeneza tairi la upepo mwaka 1888. Kule Kongo ya Mfalme Leopold, pupa hiyo hiyo iliwakata watu mikono. Huku kwetu Wajerumani walipanda mashamba makubwa ya mpira, na mwaka 1913 bei ikaporomoka kwa sababu mpira wa mashamba ya Asia ulikuwa mwingi na rahisi. Wajapani walipoiteka Malaya mwaka 1942, Waingereza waliikumbuka tena mipira ya Tanganyika, wakawakamata watu kwa sheria ya vita kwenda kuigema.

Ninaieleza habari hii ndefu kwa sababu tunapenda kudhani vifaa vya hospitali vimetoka kwa wema mtupu. Utomvu uliondoka hapa kwa donge, kwa bei ya aliyenunua. Ulirudi umekuwa tairi, bomba, glavu na shuka la wodini, kwa bei ya aliyeuza.

Hata hivyo shuka lile lilikuwa na heshima yake. Tukuyu ilikuwa makao ya wilaya tangu enzi za Wajerumani, walipoiita Neu-Langenburg, na wamisionari wa Moravian walikuwa wamefika Rungwe tangu mwaka 1891. Tiba ya misheni na ya serikali ilikuja na taratibu zake za uuguzi, na taratibu hizo zilimpangia makintoshi kila hatua. Linawekwa juu ya godoro, kisha linafunikwa na shuka fupi la pamba, kwa sababu ngozi ikigusana na mpira kwa muda mrefu hutoka jasho, hulainika na kuchubuka. Likichafuka linasuguliwa kwa sabuni na dawa, linaanikwa kivulini. Halikunjwi, maana kwenye mkunjo ndipo litakapopasuka na ndipo vijidudu vitakapojificha. Huviringishwa kwenye fimbo, au hutundikwa.

Mambo hayo yanaonekana madogo. Lakini godoro ni kama sifongo. Likishanywa damu au mkojo mara moja, huwezi tena kulisafisha ndani, na kila mgonjwa anayefuata hulala juu ya waliotangulia. Mahali kama Tukuyu, mvua zikianza kukaza, hata nguo hukaa kambani siku tatu. Bibi husema godoro la huku likilowa mwezi wa tatu, subiri Septemba. Anatia chumvi, lakini si nyingi. Ndiyo maana watu wa huku wakinunua godoro jipya hawaitoi ile nailoni ya kiwandani hadi ichanike yenyewe, hata kama inapiga kelele usiku kucha. Na ndiyo maana mgonjwa wa kupooza anayeuguzwa nyumbani hutandikiwa nailoni: familia ina godoro moja, nalo lazima lidumu kuliko ugonjwa.

Hapo ndipo penye mtego. Mpira unaweza kulilinda godoro huku ukimuumiza aliyelala juu yake. Mgonjwa asiyegeuzwa, aliyelazwa juu ya nailoni tupu, hupata vidonda vya mgandamizo upesi. Kwa hiyo mpira haujawahi kutosha peke yake. Unahitaji mtu wa kuusafisha, shuka la juu, na mikono ya kumgeuza mgonjwa. Hospitali aliyoikuta bibi ilikuwa na mpira, na ilikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuuosha.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, nchi iliahidi matibabu bila malipo. Miaka ya 1980 uchumi ulitukaba, na mwaka 1993 ukaja utaratibu wa wananchi kuchangia gharama. Wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano walisamehewa, na msamaha huo upo hadi leo kwenye sera. Lakini sera haina rafu ya kuwekea vitu. Vilivyopungua stoo vilihamia kwenye mkoba wa mjamzito: glavu, wembe, uzi wa kitovu, pamba, na mpira.

Na mpira si kitu cha urembo. Mahali safi pa kuzalia ni mojawapo ya mambo sita ya usafi ambayo Shirika la Afya Duniani limekuwa likiyasisitiza. Utafiti uliofanyika mkoani Mwanza kwa wanawake zaidi ya 3,000, ukachapishwa mwaka 2007, ulilinganisha wazazi waliotumia kifurushi cha kujifungulia, chenye karatasi ya plastiki ndani yake, na wasiokitumia. Watoto wa waliokitumia walikuwa na uwezekano mdogo mara 13 wa kupata maambukizi ya kitovu. Mama zao, mara tatu mdogo wa kupata maambukizi ya uzazi. Sabuni, wembe mpya, uzi na kipande cha plastiki.

Tumepiga hatua, ni lazima nikiri. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16, asilimia 63 ya uzazi ilikuwa vituoni. Mwaka 2022 ilifika asilimia 81, na makadirio ya vifo vya uzazi yakashuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Wanawake wameitikia wito wa kwenda kituoni. Swali la bibi linawahusu hao walioitikia.

Usiku wa dada ulifika. Nilikaa kwenye benchi nje ya wodi, mkoba wake mapajani, mvua ikipiga bati. Kituo sitakitaja, maana lile niliona lingeweza kutokea popote. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa makamo, aliyemleta binti yake kutoka kijijini. Alikuwa na beseni, kanga tatu na chupa ya chai. Nesi akatoka.

"Ndugu wa huyu aliyeingia sasa hivi ni nani? Mama, mpira wake uko wapi?"

Yule mama alisimama, akaanza kufungua fundo la pesa kwenye ncha ya kanga. Ilikuwa saa nane usiku, na maduka yote yamefungwa. Nesi alijua hilo, na uso wake ulionyesha kwamba anajua. Hakufoka. Alisema kwa sauti ya chini, "Mama, sina. Ningekuwa nao ningempa." Niliamini. Alikuwa peke yake zamu ile, na stoo haikuwa yake.

Nilifungua mkoba. Ile mita ya mtoto ilikuwa bado imekunjwa kama ilivyotoka dukani. Nikampa nesi. Yule mama alinishika mkono kwa mikono yake miwili, "Ndaga fijo, mwanangu, ndaga fijo," hadi nikaona aibu. Kitu alichokuwa akinishukuru kilikuwa plastiki ya mita moja.

Watoto wote wawili walizaliwa kabla ya mapambazuko. Nimejaribu mara nyingi kuisimulia habari hii kama habari njema, ya ukarimu wetu, ya watu kufaana usiku wa mvua. Bibi alikataa kuisikia hivyo. "Wewe ulikuwepo," alisema. "Usiku ambao hukuwepo je?"

Sina la kumjibu. Zamani waliomzunguka mzazi ndio walioleta majani. Baadaye hospitali ikachukua nafasi yao, ikaahidi kutandika vizuri zaidi, na kweli ikatandika vizuri zaidi. Sasa tumemwachia kazi hiyo mwanamke mwenyewe, mwezi wa nane, dukani, na kama hana pesa, tunamwachia bahati ya nani atakaa naye benchi moja.

Kesho yake nilirudi Bulyaga kwa yule mama wa duka.

"Umerudi? Mita ngapi?"

"Mbili," nikasema. Moja nilimpelekea mtoto wetu. Bibi aliitandika, akaweka kanga juu yake, akamlaza. Nyingine niliirudisha kituoni, nikamwachia nesi wa zamu ya mchana. Aliiviringisha bila kuikunja, akaiweka kabatini. Nilichungulia kabla hajafunga mlango. Ilikuwa peke yake.