Tovuti za maswali na majibu: kwa nini zinavutia, na nani anayejibu

 

Tovuti ya maswali na majibu ni mahali katika intaneti ambapo yeyote huandika swali na yeyote humjibu, kisha wasomaji hupiga kura, na jibu lililopendwa zaidi hupanda juu. Ya Naver huko Korea ya Kusini ilianza mwaka 2002. Yahoo! Answers ilifunguliwa 2005 ikafungwa Mei 2021, na Quora ilianzishwa 2009. Mwaka 2010 Google walianzisha yao kwa ajili ya Afrika wakaipa jina kutoka lugha yetu, Baraza, lakini haikudumu. JamiiForums ya hapa Tanzania, iliyoanza 2006, haikuundwa kwa maswali peke yake, ila watu wameizoea kwa kuulizana kila kitu, tangu ufugaji wa kuku mpaka mambo ya unyumba.

Tumeona tuiandikie mas-ala hii kwa sababu maswali mengi yanayotufikia siku hizi huja na majibu yake. Muulizaji ameshauliza kwengine, amejibiwa mara saba, na sasa anataka tumchagulie moja.

Wapo wanaowalaumu watu hawa. Sisi hatuanzi na lawama. Mfikirie Muislamu aliyeko Dutwa, wilaya ya Bariadi mkoani Simiyu, katika barabara ya kutoka Bariadi kwenda Lamadi. Hiyo ni nchi ya Wasukuma, ya pamba na ng'ombe, na Waislamu ni wachache. Kwetu Unguja mtu akitoka sala ya Alasiri humkuta shekhe barazani, akamwuliza huku anatafuta viatu vyake. Mwenzetu wa Dutwa huenda akalazimika kupanga safari na nauli kwa swali la dakika mbili, na simu i mfukoni mwake. Atauliza simu.

Kisha ipo haya. Katika kijiji ambacho kila mtu anamjua mwenziwe, kuuliza juu ya janaba, hedhi au ugomvi wa chumbani ni kujitangaza. Kwenye tovuti unajiita jina ulitakalo. Jambo hili si geni katika dini. Sayyidna Ali (r.a.) alikuwa akisumbuliwa na madhii, akaona haya kumwuliza Mtume (s.a.w.) kwa kuwa ni mkwewe, akamwomba al-Miqdad (r.a.) amwulizie. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Basi kuficha jina si aibu, na swali lililofichwa jina ni bora kuliko lililobaki moyoni. Tatizo letu limo upande wa pili, kwa anayejibu. Al-Miqdad alilipeleka swali kwa mwenye elimu. Hakulitandaza sokoni.

Abu Dawud amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kisa ambacho twaona ndicho msingi wa mas-ala yote haya. Masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe akapasuka kichwa. Usiku akaota na ikamlazimu kuoga. Akawauliza wenzake kama anaweza kutayamamu. Wakamwambia hawaoni ruhusa hiyo maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata khabari alikasirika, akawabebesha mauti yake, na akafahamisha kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Zingatia kwamba yule majeruhi aliuliza. Aliwauliza watu wema, wenye imani na wenye nia nzuri, waliokuwa karibu naye. Walichokosa ni elimu ya mas-ala ile, nao wakajibu kwa sababu wameulizwa.

Tovuti hizi zimejengwa juu ya udhaifu huo huo. Katika Yahoo! Answers, kuuliza kulikugharimu alama 5, kujibu kulikupa alama 2, na jibu likichaguliwa kuwa bora ulipata 10. Wapo waliokuwa wakiandika tu kwamba hawajui, ili wachukue zile mbili zao. Imepokewa kutoka kwa al-Haytham bin Jamil kwamba Imam Malik aliulizwa mas-ala 48, akasema hajui katika 32, bila alama wala kura, na mbele ya watu waliokuja kwake wakitaraji jibu. Katika tovuti, ajuaye kwamba hajui hunyamaza, na kwa kuwa kunyamaza hakuonekani, muulizaji huwasoma waliosema peke yao akadhani ndio watu wote.

Tuchukue mas-ala ya pamba, maana ndiyo ya Dutwa hasa. Mkulima ameuza pamba kwenye AMCOS, anauliza: nina zaka? Mmoja atamjibu kwamba pamba haina zaka. Mwengine atamwambia atoe sehemu moja ya kumi. Wa tatu atasema asilimia mbili na nusu. Wasomaji watapigia kura lile jepesi. Ajabu ni kwamba wote watatu wana asili katika vitabu. Kwa Mashafii, na ndiyo madhehebu ya wengi wetu Afrika Mashariki, zaka ya mazao iko katika chakula kikuu kinachowekwa akiba, kama mahindi na mtama, na pamba hailiwi. Kwa Mahanafi pamba ina zaka ya mazao, nayo ni moja ya kumi kwa kilimo cha mvua. Ama asilimia mbili na nusu ni ya fedha: pesa ya pamba ikifika nisabu na ikakaliwa na mwaka mikononi mwake. Na asiyelima bali ananunua pamba ili auze, huyo ni mfanyabiashara, zaka yake ni ya biashara.

Kwa hiyo kabla ya kumjibu inatupasa tumwulize yeye. Umelima au umenunua? Unafuata madhehebu gani? Pesa imekaa, au imelipia deni la mbegu na dawa wiki ile ile? Maswali haya ya kurudisha ndiyo nusu ya fatwa, na ndiyo yasiyokuwepo pale ambapo kila mtu anakimbilia kuwa wa kwanza.

Katika pamba, makosa yake ni mali. Katika talaka ni mke na watoto. Mume amemwambia mkewe kwa hasira aende kwao. Hilo ni neno la kinaya, na kwa Mashafii hukumu yake hutegemea nia. Ni lazima tujue alitamka nini hasa, kwa Kiswahili au kwa Kisukuma, alikusudia nini, na kama limewahi kutokea kabla. Mke naye asikilizwe. Watu arubaini wasiomjua yeyote kati yao hawawezi kuyajua haya, hata wakikubaliana wote. Tena kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 inalitaka shauri lipite kwanza Baraza la Usuluhishi kabla ya mahakama, na BAKWATA wana mabaraza hayo. Zanzibar tunayo Mahakama ya Kadhi.

Mwenye kutaka kujua historia ya msikiti fulani, maana ya neno, namna ya kuhifadhi Qur'ani au njia ya kupata viza ya Umra, na aulize huko, atafaidika. Zaka, talaka, mirathi, eda, yamini na mgonjwa anayetaka kufunga, ayapeleke kwa mtu mwenye jina. Aanze na shekhe wa kata au wa wilaya yake, ambaye siku hizi naye ana simu. Akitaka kuficha jina, amtume mtu. Na anayetuandikia sisi, atuambie yuko wapi, ni mwanamme au mwanamke, limetokea lini, na maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, bila kuyapamba. Majibu aliyokwishapewa kwengine hatuyahitaji.