Waragi Si Mila Yetu: Historia ya Pombe Moja na Ukoo Mmoja wa Kigezi

Wazee wengi wa Kigezi, sehemu ya kusini-magharibi mwa Uganda ninakotoka, husema kwamba pombe ni mila ya Wakiga. Husema hivyo kwenye harusi, kwenye mazishi, na hata mbele ya mtu ambaye pombe imekwisha kumharibu. Tangu baba yangu mdogo alipofariki dunia mwaka 2021 kwa ugonjwa wa ini, baada ya kunywa waragi kwa zaidi ya miaka ishirini, usemi huo umenichoma kama mwiba. Ikiwa kilichomuua ni mila, basi hatuna la kufanya, kwa maana mwacha mila ni mtumwa. Lakini je, ni mila kweli? Insha hii inajaribu kulijibu swali hilo kwa njia ya historia.

Tuanze na pombe ambayo kwa haki inaweza kuitwa yetu. Wakiga tangu zamani walipika omuramba, pombe ya mtama. Mtama ulilowekwa hadi ukaota, ukaanikwa, ukasagwa, kisha unga wake ukapikwa na kuachwa uchachuke. Kazi hiyo ilichukua siku kadhaa na ilikuwa mikononi mwa wanawake. Pombe ikiwa tayari, chungu kimoja kiliwekwa katikati na watu wakakizunguka, kila mmoja akivuta kwa mrija wake. Ilinywewa mahari ilipotolewa, majirani walipomaliza kulima shamba la mwenzao, na watu wawili waliokosana walipopatanishwa. Watoto na wasiotaka kulewa walikuwa na obushera, uji wa mtama uleule usio mkali.

Sisemi kwamba zamani hapakuwa na walevi, wala kwamba mume mlevi wa enzi hizo hakumpiga mkewe. Walikuwepo. Lakini pombe ile ilikuwa na mipaka yake yenyewe. Haikuwa kali sana. Ilichacha baada ya siku chache, kwa hiyo haikuweza kufichwa uvunguni. Ilikula nafaka, kwa hiyo njaa ilipoingia, pombe ilipungua. Zaidi ya yote, mtu hakuwa na desturi ya kunywa peke yake. Mrija mmoja katika chungu cha watu kumi una macho tisa yanayoutazama.

Waragi ni kitu kingine kabisa, na historia yake inaanza mbali na milima yetu. Jina lenyewe linatokana na neno la Kiarabu, araki. Mwaka 1891 Kapteni Frederick Lugard, aliyekuwa akiitumikia kampuni ya Waingereza, aliwakuta karibu na Ziwa Albert askari wa Kisudani walioachwa na Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta lililokuwa chini ya Misri. Lugard aliwachukua askari hao pamoja na familia zao, akawaweka katika ngome za Toro na kwingineko. Ndio waliokuja kuitwa Wanubi, na baadaye wengi wao waliingia katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles. Kwa kawaida husimuliwa kwamba ujuzi wa kuchemsha pombe ndani ya chombo kilichofunikwa na kuukusanya mvuke wake uwe matone uliletwa na kuenezwa na jamii hii. Hata upande wa Kenya pombe ya namna hii iliwahi kuitwa jini ya Wanubi. Kwetu tunaosoma Kiswahili jambo hili lina mafunzo yake: kambi zilezile za askari zilizosaidia kukieneza Kiswahili katika Uganda ndizo zilizolieneza pia neno waragi. Sisemi haya ili kuwalaumu Wanubi. Walioleta ujuzi hawakuamua namna vizazi vilivyofuata vingeutumia. Ninachosema ni kwamba waragi ina tarehe ya kuingia, nayo si ya zamani sana.

Baada ya ujuzi ikaja sheria. Dola za Ulaya zilikwisha kukubaliana huko Brussels mwaka 1890 kuzuia pombe kali zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Tarehe 10 Septemba 1919 zikatia saini mkataba mwingine mjini Saint-Germain-en-Laye, Ufaransa, uliopiga marufuku pia kutengeneza pombe kali katika maeneo hayo. Marufuku hayo hayakuwa sawa kwa wote. Mzungu wa Kampala au Entebbe aliweza kunywa wiski yake kihalali, lakini Mwafrika hakuruhusiwa hadi miaka ya 1950. Matokeo yake, pombe kali ikawa vitu viwili kwa wakati mmoja: alama ya hadhi, kwa kuwa ilikuwa ya mabwana, na kitu cha mafichoni, kwa kuwa ilikatazwa. Kitu cha mafichoni hakina chungu cha pamoja wala mzee wa kusema imetosha.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1962, serikali mpya haikuiondoa waragi bali ilijaribu kuidhibiti. Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 iliagiza kwamba anayetaka kutengeneza enguli, ambalo ni jina jingine la waragi ya nyumbani, awe na leseni na auze kwa kiwanda, ili kiwanda kiisafishe na kuitia katika chupa. Ndivyo ilivyozaliwa Uganda Waragi, ambayo leo huuzwa kama fahari ya taifa. Lakini leseni ilikuwa mbali na mwanamke wa kijijini. Aliendelea kupika nyuma ya nyumba, akiwaogopa polisi na kuwapa chochote walipofika.

Kwa nini aliendelea? Hapa ndipo historia ya nchi inapoingia katika nyumba yetu. Kigezi ni sehemu ya vilima vyenye watu wengi na mashamba madogo. Hata serikali ya kikoloni iliona hivyo, na mwaka 1946 ilianza kuwahamisha watu kwenda sehemu zenye nafasi chini ya usimamizi wa Paulo Ngologoza, ambaye baadaye aliandika historia ya Kigezi. Waliobaki waligawana mashamba, na watoto wao wakagawana tena. Baba yangu na ndugu zake watano walirithi vipande ambavyo mtu anaweza kuvilima kwa siku mbili tatu. Wakati huohuo kila kitu kilihitaji fedha taslimu: kodi, dawa, karo. Ndizi mbivu hazifiki sokoni kwa bei nzuri, lakini ndizi zilezile zikikamuliwa, zikachachushwa na kutoneshwa kupitia bomba la shaba, huwa kitu kisichooza, kinachobebeka katika dumu, na chenye mnunuzi kila siku.

Shangazi yangu, mjane mwenye watoto wanne, alipika waragi kwa miaka kumi na minane. Kwa fedha hizo aliwasomesha watoto wake, na kwa fedha hizo alinilipia karo ya miaka miwili ya sekondari baba aliposhindwa. Kwa hiyo ninaposhika kalamu kuandika dhidi ya waragi, najua vizuri kwamba waragi imo katika kalamu yenyewe. Baba mdogo alikuwa mmoja wa wateja wa shangazi. Alikuwa fundi seremala hodari. Milango ya nyumba nyingi za kijiji chetu ni kazi ya mikono yake. Alianza kwa kunywa jioni baada ya kazi, akaja kunywa mchana, na mwisho alikunywa alfajiri ili mikono iache kutetemeka apate kushika randa. Shangazi alipokataa kumuuzia, alivuka bonde akanunua kwingine. Alipokuwa na pesa kidogo alinunua viroba, vile vifuko vya plastiki vya pombe kali vilivyouzwa madukani karibu na biskuti.

Hatukuwa familia pekee. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2004 iliiweka Uganda juu kabisa duniani kwa kiasi cha pombe kwa kila mtu mzima, takriban lita 19 za alkoholi kwa mwaka, na sehemu kubwa ilikuwa pombe isiyoandikwa katika hesabu za serikali. Aprili 2010 watu wapatao 80 walikufa katika wilaya ya Kabale na jirani zake baada ya kunywa waragi iliyochanganywa na methanoli, kemikali ya viwandani. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini nakumbuka watu wazima wakitaja vipofu, kwa sababu methanoli huharibu macho kabla ya kuua. Tanzania ilipiga marufuku viroba mwezi Machi 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019. Marufuku hayo yalisaidia, hasa kwa watoto wa shule. Baba mdogo, ambaye wakati huo alikwisha kuwa mgonjwa, yeye alirudi tu kwenye dumu.

Alipoanza kutapika damu, wanaume wa kikundi cha engozi walimbeba kwa machela kutoka mlimani hadi barabarani, kama wanavyowabeba wagonjwa wote wa kwetu. Hospitalini alikaa siku sita. Daktari alisema ini limekwisha. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba. Ameacha watoto watatu, na mkubwa wao, kijana wa miaka kumi na saba, alikuwa tayari anajulikana vilabuni.

Msomaji anaweza kuuliza kama historia hii yote si njia ya kumtetea marehemu. Je, hakuwa na akili zake? Mbona ndugu zake wengine wawili walikulia kwenye vilima vilevile na hawakulewa? Swali ni la haki. Historia haimwekei mtu glasi mdomoni. Baba mdogo alichagua mara nyingi, na mkewe ndiye aliyelipa. Hata hivyo, tunaposema kwamba alikufa kwa tabia yake tu, tunakosea upande mmoja, na tunaposema alikufa kwa mila, tunakosea upande wa pili. Semi zote mbili zina faida ileile kwa walio hai: zinatuondolea wajibu. Historia inaturudishia wajibu huo, kwa sababu inaonyesha kwamba mambo haya yalifanywa na watu, kwa sheria, kwa biashara na kwa mahitaji, na yaliyofanywa na watu yanaweza kubadilishwa na watu.

Tena Kigezi imekwisha kuonyesha kwamba inaweza kubadilika. Katika miaka ya 1930 uamsho wa Kikristo ulioanzia Gahini, nchini Rwanda, ulivuka mpaka ukafika kwetu, na mwaka 1935 ulifanyika mkutano mkubwa mjini Kabale ambao bado unaadhimishwa. Watu wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka, na miongoni mwa viongozi waliotokana na uamsho huo ni Askofu Festo Kivengere. Mtu anaweza kukubaliana au kutokubaliana na dini yao. Kwa mwanahistoria jambo muhimu ni hili: maelfu ya watu waliokuwa wamezoea pombe katika kila sherehe waliiacha, wakaoana na kuzikana bila pombe, wala hawakuacha kuwa Wakiga. Waliweza kwa sababu hawakuacha mmoja mmoja. Waliacha kwa vikundi, wakakutana kila juma na kuulizana hadharani juu ya maisha yao. Kwa namna fulani walirudisha yale macho tisa ya chungu cha zamani, bila chungu.

Ninaona mbegu za jambo kama hilo leo. Mwaka uliofuata kifo cha baba mdogo, kikundi chetu cha engozi kilikubaliana kwamba waragi isigawiwe tena kwenye mazishi. Wafiwa watoe obushera, na atakayevunja atozwe faini. Wazee wawili walinung'unika, kisha wakanywa obushera. Shangazi na wanawake wenzake wanane wanaweka akiba kila Jumapili, na kwa mkopo wa kikundi amekodi shamba la viazi mviringo. Pipa lake bado liko nyuma ya nyumba. Nilipomwuliza kwa nini hajalitupa, alinijibu, "Mwanangu, viazi vikikubali misimu mitatu, utalikuta limekuwa la kuvunia maji." Sina haki ya kumharakisha. Binamu yangu yule wa miaka kumi na saba sasa anajifunza useremala kwa fundi asiyekunywa. Ameanguka mara mbili na kurudi mara mbili. Matibabu ya kitaalamu ya ulevi yapo katika hospitali ya Butabika, Kampala, lakini kutoka Kabale ni zaidi ya kilomita 400, na nauli peke yake ni kikwazo. Serikali inayokusanya kodi ya pombe inaweza kuyasogeza matibabu hayo karibu na wanywaji. Hilo si ombi kubwa.

Kwa wanafunzi wenzangu nina neno moja. Sisi ndio tutakaoandika vitabu vya historia na kufundisha shuleni. Tukiandika kwamba Mwafrika alikuwa mlevi tangu asili, tutakuwa tunarudia maneno ya wale waliotuwekea sheria za ubaguzi. Tukiandika kwamba zamani yote ilikuwa njema, watoto wetu watatucheka. Tuandike kwamba palikuwa na pombe ya chungu, ikaja pombe ya dumu, ikafuata ya kiroba; kwamba kila moja ilikuwa na wakati wake na sababu zake; na kwamba kiroba kimekwisha kutoka madukani wakati sisi tunaona. Jambo lililoingia katika nchi kwa mlango linaweza kutolewa kwa mlango huohuo, ingawa kulitoa kunahitaji mikono mingi kuliko kuliingiza.