Karatasi ya Rubani na Dira Mbili

Mmekwisha kujua kusoma barua na gazeti. Leo tutazame karatasi nyingine, ile aisomayo rubani wa eropleni anapotaka kutua na mawingu yamemficha asione chini.

Zamani haikuwapo. Mwaka 1930 rubani mmoja kijana wa Marekani, Elrey Jeppesen, alikuwa akichukua barua za posta kwa eropleni. Alinunua daftari dogo kwa senti 10, akaandika humo urefu wa vilima na hali ya viwanja. Wenzake wakaomba nakala, na mwaka 1934 akaanza kuziuza.

Karatasi hiyo humwambia rubani afuate mstari gani na asishuke chini ya kimo gani. Tena humwonyesha, na hapa msomaji mwenye haraka hupita tu, eropleni yake yapasa iwe na vyombo gani. Kama hanavyo, njia hiyo si yake, ajapokuwa rubani hodari.

Sikiliza basi habari ya Dubrovnik, nchi ya Kroatia. Tarehe 3 Aprili 1996 eropleni ya jeshi la Marekani ilitoka Tuzla, Bosnia, imemchukua Waziri wa Biashara, Ronald Brown. Ndani yake walikuwamo watu 35. Huko Dubrovnik kulikuwa na mvua na mawingu mazito.

Njia ya kutua ilitegemea minara miwili ya redio. Katika eropleni mna chombo kama dira; sindano yake huuelekea mnara uliouchagua, lakini mmoja tu kwa wakati mmoja, kama redio yako nyumbani isivyoweza kukuletea Nairobi na Dar es Salaam kwa pamoja. Mnara wa kwanza ulimwonyesha rubani mstari wa kufuata. Wa pili, karibu na uwanja, ulikuwa alama ya kumwambia: kama hapa hujauona uwanja, panda juu upesi. Kuitumia yote miwili kulitaka dira mbili. Eropleni ile ilikuwa nayo moja.

Ikaenda upande wa kushoto wa mstari, ikaipita alama bila kupanda, ikagonga mlima kiasi cha kilomita 3 tu kutoka uwanjani. Hakupona hata mmoja.

Wachunguzi waliwalaumu marubani. Waliwalaumu pia wakubwa wao, kwa maana amri ya jeshi ilitaka karatasi za namna ile zikaguliwe kwanza, nao wakaacha zitumike bila kukaguliwa. Kwangu mimi hilo ni zito kuliko la marubani. Tena karatasi yenyewe ilikuwa na kosa: iliruhusu kushuka hadi futi 2,150, na hesabu sahihi ilikuwa zaidi ya futi 2,800. Mlima ule ulikuwa na futi 2,300 hivi.