Namba E Si Umri

Kwa madalali wa magari wa Dar es Salaam, gari halitajwi umri, linatajwa namba. "Vitz namba D, haijatembea, AC inapiga, njoo na fundi wako." Mnunuzi anatikisa kichwa kana kwamba ameambiwa mwaka wa kuzaliwa, kumbe ameambiwa kipindi cha kusajiliwa. Kibao cha gari binafsi Tanzania kina T, tarakimu tatu na herufi tatu. Herufi ya kwanza kati ya hizo tatu imekuwa ikisogea: A, B, C, D, na sasa E. Inaeleza gari liliingia lini kwenye daftari la Mamlaka ya Mapato (TRA), kiwanda hakimo.

Chukua Toyota IST ya toleo la kwanza, iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2007. Ikitumika Japani miaka mingi, kisha ikashushwa bandarini mwaka huu, itapewa herufi inayotolewa sasa. Hivyo mwenye namba B anaweza kuongeza mamilioni apate namba E iliyotoka kiwandani kabla ya gari lake.

Namba haidanganyi, ila inajibu swali lingine: gari limekula vumbi la hapa muda gani? Hilo nalo lina thamani, maana barabara mbovu humaliza bushi na shokapu mapema. "Haijatembea" ya dalali nayo ina maana hapa hapa tu. Kilomita za Japani hazihesabiwi.

Ukitaka kubadilisha gari, neno la kuogopwa zaidi ni "ongeza". Yadi ikikwambia, "Tuachie lako, ongeza milioni sita," imekutajia tofauti na kuficha bei mbili: ya gari unaloacha na ya gari unalochukua. Lako likishushwa bei na lao likipandishwa, sita hiyo itameza yote mawili nawe usijue.

Kwa hiyo, kabla ya kubadilisha, dai bei hizo kila moja peke yake. Soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi ya gari, ulinganishe namba ya chesisi iliyoandikwa humo na iliyogongwa kwenye gari lenyewe. Kama unachonunua ni herufi ya kibao tu, baki na gari lako, hiyo nyongeza mpe fundi.