Bao linavyomfundisha dogo kufikiri

Bao kamili lina mashimo 32 na kete 64. Kwa dogo anza na bao la kujifunza: kete 2 kila shimo, kila mtu 32, unazitawanya moja moja. Huna ubao? Chimba mchangani, okota kokoto.

Mdogo wangu alikuwa analia akiona hesabu za kutoa. Kwenye bao nilikosea, nikawa namwonyesha kila kitu. Siku moja nikamuuliza tu, "Kete ya mwisho itaangukia wapi?" Akahesabu kwa macho kabla hajashika. Hapo ndo akili inapojengwa: kukisia, kujaribu, kukosea, kurudia. Juzi kanifunga! Msimsaidie haraka jamani. Nyie wa kwenu mnawafundishaje?