Dado, Kadhi na Mufti

Katika maneno ya kufungia kijitabu cha tatu kati ya vitatu vilivyotoka Januari 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani, watungaji waliwaomba wasomaji jambo ambalo ni nadra mtunga kanuni kuliomba: wasiwaandikie barua kuuliza maana ya kanuni, ila yule aliyekwama kabisa, asiye na pa kutokea, kwani yote yaliyomo ni mambo ya kubuni, na lililo bora ni kila mtu aamue apendavyo yawe, kisha ayafanye yawe hivyo. Mchezo ule ulikuwa Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Nakala zake za mwanzo zilikuwa 1,000, zikikusanywa kwa mikono ndani ya visanduku vya rangi ya hudhurungi, na kila sanduku liliuzwa dola 10. Ombi la watungaji halikutiiwa, wala halikuvunjwa kwa ukaidi. Lilivunjika kwa sababu ndogo kuitazama lakini nzito kwa matokeo yake, nayo ni kwamba mtu wa mchezo alianza kusafiri.

Kwa ajili ya msomaji asiyepata kuuona mchezo huu, niseme kwa ufupi jinsi ulivyo. Watu watano au sita huketi mezani. Mmoja wao ndiye msimamizi: yeye huisimulia nchi ya kufikirika, milima yake, mapango yake na madubwana yaliyomo, na waliobaki kila mmoja humshika mhusika wake, huyu askari, yule mjuzi wa sihiri, mwingine mtu wa dini, akasema mhusika huyo anataka kutenda nini. Msimamizi huamua kama tendo linawezekana, na panapo shaka dado hutupwa. Hakuna anayemshinda mwenziwe, na kisa chaweza kuendelea miaka. Msimamizi huyu ni kadhi katika mahakama yake: mashtaka huletwa mbele yake, naye hukata shauri papo hapo, na hukumu yake haivuki kizingiti cha chumba kile.

Ukadhi huu ni mkongwe kuliko mchezo wenyewe. Maafisa wa jeshi la Prussia walikuwa wakicheza vita juu ya ramani tangu mwanzo wa karne ya kumi na tisa, na kitabu cha kanuni cha mwaka 1824, kazi ya Reisswitz kijana, kilikuwa kizito kwa majedwali na hesabu hata wengi wakachoka nacho. Mwaka 1876 jenerali Verdy du Vernois alishauri majedwali yawekwe kando, na mwamuzi aliyeona vita kwa macho yake aachiwe ahukumu kwa maarifa yake. Baada yake Mmarekani Charles Totten akatoa mwaka 1880 kitabu alichokiita Strategos, na kitabu hicho, baada ya kulala muda mrefu, kilimwangukia mikononi kijana wa Minnesota, David Wesely, ambaye mwaka 1969 aliwakusanya marafiki zake wacheze kisa cha mji wa kubuni, Braunstein, kila mmoja akiwa mtu mmoja wala si jeshi zima. Miongoni mwa waliocheza alikuwamo Dave Arneson, naye ndiye aliyeutoa mchezo katika mambo ya vita vya kweli akautia katika nchi ya mazimwi na mapango aliyoiita Blackmoor. Kwa hiyo ugomvi kati ya kitabu na mwamuzi ulikuwa umekwisha kuwako karibu miaka mia moja kabla ya dado ya kwanza kutupwa Lake Geneva.

Tutazame sasa mhusika alivyozaliwa mwaka ule wa 1974. Msimamizi alishika dado tatu akazitupa mara sita kwa ajili ya kila mchezaji, na kila jumla iliandikwa kwa utaratibu usiobadilika: nguvu, akili, hekima, siha, wepesi na haiba. Kwa njia hiyo jumla ya 18, iliyo kilele, hupatikana mara moja tu katika mitupo 216. Mtu aliyetamani kuwa bingwa wa upanga aliweza kuletewa na dado nguvu 6 na akili 15, asiwe na la kufanya ila kuipokea jaala yake na kutoka mle na elimu ya sihiri. Nasema kwa insafu kwamba mna uzuri katika njia hii ambao waliokuja baadaye waliudharau upesi mno. Mtu aliyeumbwa na dado humjia mchezaji kama mgeni. Hana budi kumjua kidogo kidogo, kama vile mzazi asivyomchagua mwanawe.

Ilimradi mchezo ulibaki katika meza moja, tofauti za kanuni hazikumdhuru mtu. Kila meza ilikuwa na ada yake, na kila msimamizi alikuwa na ijtihadi yake, mithili ya wazee wa barazani wachezapo bao: kete ni 64 kila mahali, lakini mgeni atokaye mji mwingine huenda akakatazwa jambo ambalo kwao ni halali, na hapana kitabu atakachokwenda kukifungua isipokuwa mzee aliyeketi pale. Taabu ilianza wageni walipokuwa wengi. Mwaka 1975, katika mkutano wa wachezaji uliofanyika Baltimore, Gygax alileta kaburi lenye mitego alilolitunga ili lichezwe kwa mashindano, lile lililopigwa chapa mwaka 1978 kwa jina la Tomb of Horrors. Ukutani mwake mna uso wa shetani wa rangi ya kijani, kinywa wazi na cheusi, na anayejitoma ndani ya kinywa hicho hutoweka asionekane tena, yeye na vyote alivyovaa. Hebu fikiri meza kadhaa zikilicheza kaburi moja kwa wakati mmoja, kila meza na kadhi wake. Kama mmoja ni mpole akamwonya mchezaji, na mwingine ni mkavu akamwacha aingie, mshindi amepatikanaje? Kwa siku zile dawa ilikuwa kuwagawia wachezaji wahusika waliokwisha kutengenezwa, ili angalau wote waanze sawa. Ilikuwa dawa ya nusu. Iliwaweka sawa wahusika, isiwaweke sawa makadhi.

Barua nazo, zile zilizoombwa zisiandikwe, ziliandikwa kwa wingi. Mwaka 1979 gazeti la kampuni iliyouchapisha mchezo, The Dragon, lilifungua safu ya kujibu masuala, ikaitwa Sage Advice, na aliyeishika kwanza alikuwa bibi mmoja mtungaji wa kampuni, Jean Wells. Hapa ndipo ninapoona mchezo ulipompata mufti wake. Kadhi na mufti si mtu mmoja: kadhi husikiliza wagomvi waliosimama mbele yake akakata shauri lao peke yake, mufti hajaona mgomvi wala ushahidi, ameletewa suala tu, naye hutoa fatwa ambayo kila mwenye kuisoma, popote alipo, aweza kuichukua akamwendea nayo kadhi wake. Tangu siku ile mchezaji aliyeshindwa mezani alikuwa na mahali pa kukata rufaa, na wale waliokuja na gazeti mkononi wakapewa na wenzao jina la kejeli, mawakili wa kanuni. Gygax mwenyewe alikuwa amegeuka. Vitabu vyake vipya, vilivyotoka kati ya 1977 na 1979 kwa jina la Advanced Dungeons & Dragons, alivitaka vichezwe kwa namna moja kila mahali, na katika gazeti lile lile aliandika kuitetea rai hiyo.

Suala la sihiri iitwayo tufe la moto litatosha kuonyesha mambo yalivyokuwa. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kilisema kwamba moto wa sihiri hii hufuata umbo la mahali ulipolipukia, nao hujaza takriban futi za ujazo 33,000. Penye uwanja hapana neno. Lakini katika ujia wenye upana wa futi 10 na kimo cha futi 10, mchezaji mwenye kujua hesabu hugundua kwamba moto huo utajaza futi 330 za ujia, nusu kwenda mbele na nusu kurudi nyuma, hata mjuzi aliyeutupa umbali wa futi 100 ataungua pamoja na adui zake na rafiki zake. Je, ndivyo ilivyokusudiwa, au mtungaji hakupiga hesabu? Wako makadhi waliowaunguza wachezaji wao bila huruma, na wako walioona ni hila ya maneno. Toleo la mwaka 2000 lililikata shauri kwa kuiondoa hesabu ya ujazo: moto ukomee futi 20 kila upande, basi. Na miongoni mwa watungaji watatu wa toleo hilo alikuwamo Skip Williams, aliyekuwa ameishika safu ya majibu kwa miaka mingi. Mufti akawa mtunga sheria.

Lakini lililogeuza mambo zaidi kuliko gazeti lilikuwa ni chama. Mwaka 1980 kampuni ilianzisha chama cha wachezaji, RPGA, chini ya Frank Mentzer, na mwaka 1987 chama hicho kikauchukua mji wa kubuni wa Ravens Bluff kikaufanya kuwa mji wa wote: mwanachama alimtengeneza mhusika wake nyumbani, akamtia katika bahasha, akaenda naye mkutanoni katika mji wowote, akaketi na watu asiowajua mbele ya msimamizi asiyemjua. Sasa suala likawa jingine kabisa. Upanga huu wenye sihiri umeupata wapi? Nani shahidi? Ikawa kila kitu cha thamani kina hati yake ya karatasi, mithili ya shehena isiyotoka forodhani bila cheti, na asiye na hati hana mali. Kilichofuata mwaka 2000, Living Greyhawk, kilikwenda mbali zaidi: nchi ya kufikirika iligawanywa majimbo, na kila jimbo likakabidhiwa nchi au jimbo la dunia hii ya kweli, hata aliyetaka kucheza visa vya jimbo fulani ilimlazimu afunge safari ya kweli, kwa gari au ndege, akavichezee huko huko. Mpango huo ulidumu hadi 2008.

Na mhusika mwenye kusafiri hawezi kuzaliwa kwa dado. Nani atakayeamini kwamba umezitupa peke yako chumbani ukapata 18 mara tatu? Hata mwaka 1979, dado zilipoongezwa kuwa nne na iliyo ndogo kutupwa kando, shaka ilikuwa ile ile. Jawabu lilikuwa limekwisha kutokea kwingine, katika mchezo wa mashujaa uitwao Champions wa mwaka 1981, ambao ulimpa kila mchezaji nukta sawa na wenziwe akajinunulie sifa azitakazo. Living Greyhawk ilitoa nukta 28. Adventurers League, mpango wa namna hiyo hiyo ulioanza 2014, hutoa 27: kila sifa huanzia 8 bila bei, hupanda hadi 13 kwa nukta moja moja, kisha hatua ya 14 na ya 15 hugharimu mbili mbili, na juu ya 15 hapauzwi kitu. Hivyo 15 moja ni nukta 9, na mwenye tamaa aweza kununua tatu, akazimaliza nukta zote 27, akabaki na 8 katika sifa tatu nyingine. Aghalabu haiba ndiyo huwa ya kwanza kuachwa. Mwaka 1974 haiba ndiyo iliyopima idadi ya watu watakaokubali kumfuata mhusika. Katika mikono ya mafundi wa nukta ikawa ndiyo sifa ya kuuzwa ili panunuliwe misuli, na makumi ya majabari wakazunguka mikutanoni, wote wakiwa na nguvu moja, siha moja na ubaya mmoja wa maneno.

Nisiwaonee mafundi hao. Kuunda mhusika kwa nukta ni sanaa, na inataka mtu asome vitabu kwa makini ambayo wanafunzi wengi hawana. Aone kipaji cha ukurasa huu kinavyoungana na silaha ya ukurasa ule, na ajue daraja la nne atachukua nini ili daraja la nane lisimfedheheshe. Lakini kazi ya fundi ni kutafuta ufa, na kila kitabu kipya kilileta nyufa. Adventurers League ilijaribu kuziba kwa kanuni fupi: kitabu cha wachezaji, na kingine kimoja tu. Pathfinder Society, iliyoanzishwa na kampuni ya Paizo mwaka 2008, ilishika njia ya orodha, ikitangaza vipaji na sihiri zipi haziruhusiwi mezani kwake, na kila kisa kinapokwisha msimamizi hutia sahihi karatasi ya mhusika. Kadhi aliyekuwa akiamua kwa ilhamu sasa hutia sahihi. Mgeni amepata haki yake, maana akienda popote atamkuta mwenye kuhukumu sawa na wa kwao. Msimamizi naye amepoteza kitu, na sioni njia ya kumrudishia bila kumdhulumu mgeni.

Mwaka 2013 wenye mchezo walivipiga chapa upya vile vijitabu vitatu, wakavitia ndani ya sanduku la mbao. Maneno ya kufungia kijitabu cha tatu yamo vile vile, yakimwomba msomaji asiandike barua.