Jicho hupokea, ubongo ndio huona: kwa nini mtoto awahishwe hospitali

Tumezoea kusema jicho ndilo linaloona. Kwa kweli jicho hupokea mwanga tu. Kuona hufanyika kwenye ubongo. Jambo hili linamhusu kila mzazi wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega mwenye mtoto mdogo.

Mwanga ukipita kwenye mboni huangukia retina, utando ulio nyuma ya jicho. Humo mna seli zaidi ya milioni 100 zinazogeuza mwanga kuwa ishara za umeme. Ishara husafiri kwenye mshipa wa fahamu wenye nyuzi zipatazo milioni 1, hupita kituo kilicho katikati ya ubongo, kisha hufika kisogoni.

Huko kila seli ina kazi yake. Kuanzia mwaka 1958, watafiti David Hubel na Torsten Wiesel, wakiwa Marekani, walisikiliza seli za ubongo wa paka kwa kutumia waya mwembamba na spika. Seli moja ililia ilipoonyeshwa mstari uliosimama, nyingine mstari uliolala, nyingine mstari unaosogea. Ubongo huunganisha taarifa hizo mpaka tunatambua ng'ombe, mche wa pamba au uso wa mama.

Kisha waliziba jicho moja la paka mchanga kwa miezi michache. Walipolifungua, jicho lilikuwa zima, lakini seli nyingi za kisogoni hazikuliitikia tena. Paka mkubwa alipozibwa jicho hakupata madhara hayo. Kazi yao iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Binadamu naye yuko hivyo. Mzee mwenye mtoto wa jicho akipasuliwa baada ya miaka, mara nyingi huona tena. Lakini mtoto aliyezaliwa na tatizo hilo akicheleweshwa, ubongo wake haujifunzi kuona, na upasuaji wa baadaye huenda usimsaidie vya kutosha.

Mpeleke mtoto kituo cha afya mapema ukiona:
- weupe kwenye mboni, ambao pia unaweza kuwa dalili ya saratani ya jicho;
- makengeza yasiyoisha baada ya miezi minne;
- mtoto wa miezi mitatu asiyefuata uso wa mama kwa macho.

Usimtie dawa za kienyeji wala maziwa machoni. Kituo kitampa rufaa kwenda hospitali ya mkoa au Bugando, Mwanza. Baada ya upasuaji, mtoto atahitaji miwani, na pengine kuzibwa jicho zima kwa saa kadhaa kwa siku ili ubongo ujifunze kutumia lile lililo dhaifu. Tufuate maelekezo hayo hadi mwisho, kwa kuwa upasuaji peke yake hautoshi.